Fundi wa Uani

Kwenye shughuli ya harusi, mpishi mkuu haonekani ukumbini. Yuko uani na moshi wake. Wageni humjua kwa pilau. Ndivyo ninavyowaona mafundi wanaoandika huduma za kompyuta, zile programu zinazoamka kabla mtumiaji hajaingia, zikapanga foleni ya printa na kusaka virusi bila kuonesha uso.

Zamani uani na ukumbi havikutenganishwa. Katika Windows XP, huduma na mtumiaji wa kwanza kuingia walikaa kikao kimoja, kikao 0, na huduma iliweza kumfungulia mtu dirisha bila hodi. Kumbe ule ulikuwa upenyo. Dirisha moja liliweza kulitumia jingine ujumbe, na mpokeaji asijue umetoka kwa nani. Huduma nyingi zina mamlaka makubwa juu ya mashine. Programu ya hila ikilipata dirisha la huduma kama hiyo, iliweza kuitumikisha kwa mamlaka yale yale. Mwaka 2002 shambulizi la namna hiyo lilielezwa hadharani. Windows Vista ikajenga ukuta: kikao 0 kikawa cha huduma peke yake, watumiaji wakaanzia kikao 1.

Mimi ukuta huo niliujua kwa aibu. Huduma niliyoiandika ilikosa faili, ikafungua kidirisha chenye kitufe cha "Sawa", ikangoja. Kidirisha kilifunguka kikao 0, pasipo jicho wala kipanya. Ikangoja hadi alfajiri.

Fundi hodari huigawa kazi. Huduma hubaki uani. Programu ndogo, yenye mamlaka madogo, hukaa katika kikao cha mtumiaji kama mjumbe wake. Kati yao hupita bomba la maneno. Huduma husema diski imejaa, mjumbe ndiye hufungua dirisha. Watumiaji watatu wakiwa wameingia, fundi ameshaamua nani aambiwe. Asipokuwepo mtu, habari huandikwa kwenye daftari la matukio na kazi huendelea. Na kila kinachorudi kwa bomba hupitishwa kwenye chekeche, maana ukuta uliotobolewa hulindwa penye tundu.

Asubuhi mtu anawasha kompyuta, anachapa barua yake, anazima mashine, anakwenda zake. Hakuna dirisha lililomkatiza. Pilau imeliwa, na uani sufuria zinaoshwa.