Nakala Isiyosikia Amri

Jumapili ya tarehe 27 Februari 2011, baadhi ya watu walifungua Gmail wakakuta kikasha kitupu. Barua za miaka hazikuwepo. Google ilisema waliokumbwa ni asilimia 0.02 ya watumiaji wake: wachache, ila si faraja kwa mtu ambaye kazi zake zote zilikuwa humo.

Cha kushangaza, barua hizo zilikuwa na nakala katika vituo kadhaa vya data. Mpangilio huo umejengwa kuhimili mitambo kuharibika au umeme kukatika: kituo kimoja kikizimika, kingine kinashika kazi. Safari hii tatizo halikuwa mitambo. Toleo jipya la programu ya uhifadhi lilikuja na hitilafu, nayo ikazifikia nakala kadhaa kwa mpigo.

Barua zilirudishwa kutoka kwenye tepu, teknolojia ambayo wengi wetu tulidhani ilizikwa pamoja na kaseti. Ben Treynor, mmoja wa wakuu wa uhandisi wa Google, alieleza kuwa tepu hukaa nje ya mtandao, hivyo hitilafu ya programu haizigusi. Gharama yake ni muda. Kuhamia kituo kingine huchukua milisekunde. Kurejesha kutoka kwenye tepu huchukua saa nyingi.

Sasa tazama laptopu yako. Folda ya Google Drive, OneDrive au Dropbox kazi yake ni kusawazisha: ukibadilisha faili hapa, linabadilika kule; ukilifuta hapa, na kule linafutwa. Raha yake ni utiifu huo, na hatari yake ni huohuo. Mtoto akifuta folda ya picha kwenye kompyuta, hutaiona kwenye simu pia. Programu haramu ikifunga mafaili yako ili udaiwe fidia, yaliyofungwa ndiyo yatakayopanda winguni. Kweli, lipo Tupio, lakini la Google Drive hukusubiri siku 30 tu. Ukigundua hasara baada ya miezi mitatu, umechelewa.

Bekapu ni nakala ya jana inayobaki ya jana, hata leo ukiharibu kila kitu. Kwa mtu wa kawaida diski ya nje inatosha kuanzia, mradi ichomolewe baada ya kunakili. Ikiachwa imechomekwa, nayo inasikia amri. Kisha chukua faili moja la zamani, lirudishe kwenye kompyuta nyingine, uone kama linafunguka.