Hongera, Mafundi wa Beetle

Beetle ya zamani ya Volkswagen haina rejeta wala maji ya kupasha joto ndani. Feni ya injini, kule nyuma, husukuma hewa kuzunguka ekzosi; ikishapata moto hupita kwenye mifereji ya bati chini ya milango hadi miguuni na kwenye kioo cha mbele. Bati likiliwa na kutu, joto huishia njiani.

Ndiyo maana nawavulia kofia mafundi wanaokata bati bovu na kuchomelea jipya. Asubuhi moja ya Julai, Limuru, nilimwona mmoja ameweka kiganja kwenye tundu chini ya kioo. Ukungu ukaanza kufunguka, upana wa sahani. Kabla ya kufurahi, alinusa: hewa ikinuka moshi, ekzosi inavuja, na kazi inaanza upya.