Msitu wa Manyema kwa Wino wa Zingifuri

Kuchora nje ya nyumba, mbele ya kitu chenyewe, ni jambo lenye tarehe katika historia ya sanaa ya Ulaya. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya mrija wa bati wa kutilia rangi ya mafuta, na tangu hapo mchoraji akaweza kuchukua rangi zake hadi chini ya miti. Théodore Rousseau na wenzake wa kijiji cha Barbizon walifanya hivyo katika msitu wa Fontainebleau. Mwaka 1861 serikali ya Ufaransa ikatenga sehemu ya msitu huo isikatwe, kwa kuwa wachoraji waliihitaji. Miaka minane baadaye David Livingstone aliingia Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, bila mchoraji wala sanduku la rangi. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba msitu wa kusini mwa Maniema haukupata mtu wa kuuchora akiwa ndani yake. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe, kwani imewafanya wengi watazame picha ambazo hazikustahili na kuziacha kurasa zinazostahili.

Livingstone hakuwa mtu asiyejua faida ya mchoraji. Katika msafara wake wa Zambezi, ulioanza mwaka 1858, alikuwa naye Thomas Baines, akamfukuza mwaka uliofuata kwa tuhuma ya wizi ambayo Baines hakuikubali kamwe. Manyema alifika bila mchoraji, tarehe 21 Septemba 1869. Alijaribu kwenda mbele, akarudi Kabambare tarehe 22 Julai 1870 akichechemea kwa vidonda vya miguu, na hakuondoka tena hadi tarehe 16 Februari 1871. Huu ndio ukaaji ambao wachoraji wa Barbizon walikwenda kuutafuta kwa hiari: miezi mingi mahali pamoja, macho kwenye miti ile ile. Tofauti ni kwamba yeye hakuutaka.

Maandishi yake juu ya msitu huo yana hulka mbili, na mhakiki hana budi kuzitenganisha. Anapoutazama kutoka juu ya vilima, nathari yake ni ya kawaida: michikichi iko vileleni, makuti yanapunga kwa upepo, naye anakiri kuwa msitu wenyewe hauelezeki. Kauli ya namna hiyo ingeweza kuandikwa juu ya nchi yoyote yenye mvua. Lakini anapoingia ndani, jicho lake linabadilika. Jua la utosini halipenyi, isipokuwa saa sita mchana, linapoteremsha nyuzi nyembamba za mwanga gizani. Mimea ya kutambaa anaipima kwa kamba, kuanzia ugwe mwembamba hadi amari ya manowari. Urefu wa miti anaupima kwa bunduki: kasuku aliye kileleni hadhuriki kwa marisau ya mtu aliye chini. Hapa hakuna upeo wa macho, hakuna mbali na karibu kama ilivyozoeleka katika picha za mandhari. Kuna wima tu, na mwanga unaoshuka. Mchoraji wa Fontainebleau, aliyezoea uwazi kati ya mialoni, angelazimika kujifunza upya kazi yake.

Jambo moja zaidi katika maandishi hayo hupitwa haraka na wasomaji. Misitu hiyo, asema, kwa kawaida ilikuwa na upana wa maili tano hivi, yaani yapata kilomita 8, kati ya kundi moja la vijiji na jingine. Msitu basi ulikuwa kitu cha katikati, chenye watu pande zote mbili. Na vijiji vyenyewe vilikuwa na njia zilizoelekezwa mashariki na magharibi, ili jua likaushe unyevu upesi. Kabla mgeni hajauona mwanga kuwa jambo la kuandikwa, wenyeji walikwisha kuupangia nyumba zao. Livingstone aliyaandika yote mawili, lakini hakuyaunganisha, na huu ndio udhaifu mkubwa wa ukurasa wake.

Udhaifu huo ulizidishwa na kitabu. Shajara zake za mwisho zilitolewa mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake, zikiwa zimehaririwa na Horace Waller na kutiwa picha za kuchonga. Manyema ikaonekana humo kwa mauaji ya wanawake sokoni Nyangwe, yaliyotokea tarehe 15 Julai 1871, na kwa wawindaji wanaoua sokwe. Mauaji yalikuwa kweli, na ilikuwa haki yaonyeshwe. Hata hivyo, msitu katika picha za namna hii umegeuzwa pazia la nyuma ya tukio. Zile nyuzi za mwanga hazimo, wala zile njia za vijiji.

Linabaki suala la rangi, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote. Karatasi na wino vilipomwishia, Livingstone aliandika juu ya gazeti la zamani, toleo la The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea ambao Waarabu waliuita zingifuri. Mwenyewe aeleza kwamba Wamanyema waliitumia mbegu hiyo kutia rangi virambo, yaani vitambaa vyao vya nyuzi za majani, na kupamba nyuso na vichwa. Mwanaisimu atakumbuka kuwa katika Kiarabu jina hilo lilikuwa la jiwe jekundu lenye zebaki, na kwamba mzingifuri unaojulikana leo kwa Kiswahili ni mti wenye asili ya Amerika. Neno limehama kutoka jiweni hadi mbeguni, na rangi imehama kutoka usoni hadi gazetini. Aliyekosa rangi za mrija alichovya kalamu katika rangi ya wachoraji aliowakuta, ila yeye hakuwaita wachoraji, kwa kuwa walichora juu ya mwili na nguo.

Kiswahili nacho kina sehemu yake katika upofu huu. Mandhari, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mahali pa kutazamia au kinachotazamwa. Neno lenyewe linadai mtu aliyesimama kando. Mwanafunzi akiulizwa juu ya uchoraji wa mandhari ya Maniema atatafuta fremu, na asipoiona atajibu kuwa haupo. Hataufikiria uso uliopakwa zingifuri ukitoka gizani na kuingia katika njia ya kijiji, saa ambayo jua limenyooka nayo.

Wino ule ulififia. Kurasa za mwaka 1871, zilizohifadhiwa Blantyre, Uskoti, zilikuwa karibu hazisomeki hadi zilipopigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kutolewa katika toleo la kidijitali mwaka 2011, chini ya uongozi wa Adrian Wisnicki. Picha hizo zilichakatwa ili herufi zisomeke, na herufi zinasomeka. Wekundu wa zingifuri haukuwa lengo la kazi hiyo.