Ufundi wa Shabaha

Shabaha ya mazoezi ya upinde hutengenezwa ili ichomwe. Kazi yake ni kuupokea mshale, kuutuliza bila kuuvunja, kisha kuuachia utoke. Ukuta na jiwe haviwezi kazi hiyo, kwani kigumu huupasua mshale au humrudishia mwenyewe. Kinachousimamisha ni msuguano: kadiri unavyopenya, ndivyo unavyobanwa ubavu mzima hadi kasi yake iishe. Fundi basi hutafuta mbano wa kadiri. Ukilegea, mshale hutokeza upande wa pili. Ukizidi, kuuchomoa huwa mieleka.

Shabaha rahisi kuliko zote ni gunia la katani lililojazwa matambara. Nguo kuukuu hupekuliwa kwanza, vifungo na zipu ving'olewe, maana chembe cha mshale kikigonga chuma huharibika. Ustadi wenyewe uko katika kujaza. Matambara hutiwa kidogo kidogo na kushindiliwa kwa mchi, pembe zikitangulia, mpaka gunia liweze kusimama peke yake. Mdomo hushonwa kwa shazia na uzi wa katani, kisha gunia huning'inizwa kwenye kiunzi cha miti. Vyembe vipana vyenye makali, vile vya kuwindia, havifai hapa, kwa kuwa hukatakata nyuzi.

Aina ya pili ni ya maboksi. Vipande vya kadibodi hukatwa kwa kipimo kimoja, hurundikwa, kisha hubanwa kati ya mbao mbili kwa vyuma vyenye nati. Upande unaopigwa ni ule wa kingo, si wa bapa. Mshale hupita baina ya vipande kama kisu baina ya kurasa za kitabu, ukivisukuma badala ya kuvitoboa.

Siri hiyohiyo imo katika makiwara ya Japani, mtumba wa mabua ya mpunga uliokazwa kwa kamba. Mshale huingilia kwenye ncha za mabua na kupenya katikati yake. Mwanafunzi wa kyudo, sanaa ya upinde ya huko, huupiga akiwa umbali wa kama mita 2, urefu wa upinde wake, ambapo kukosa ni vigumu. Kwa kuwa hana hofu ya kukosa, akili yake hubaki kwenye mkao, pumzi na mkono unaoachia. Baadaye ndipo hukabili shabaha ya sentimita 36 iliyo mita 28 mbele yake.

Shabaha ya nyumbani huwekwa mbele ya kichuguu cha udongo au uwanja usiopitwa na mtu, kwani hata hodari hukosa. Usoni hubandikwa karatasi. Ile ya mashindano ya mita 70 ina kipenyo cha sentimita 122 na rangi tano, manjano ikiwa kitovuni. Kwa mazoezi ya nyumbani, vidoa vidogo kadhaa hufaa zaidi kuliko duara moja, kwa sababu kitovu ndicho huchakaa mapema. Vidoa vingi huyagawa majeraha.

Matunzo hufuata mantiki hiyo ya kugawa. Gunia hugeuzwa mbele nyuma na juu chini, kwani matambara hushuka na kuacha ombwe juu. Pengo likionekana, hujazwa. Maboksi yakilegea, nati hukazwa, na vipande vya katikati hubadilishana nafasi na vya pembeni. Vyote huhifadhiwa chini ya paa na kuinuliwa juu ya ardhi, kwa kuwa mvua huozesha na mchwa hawasazi kadibodi. Wakati wa kuchomoa, kiganja kimoja hukandamiza uso wa shabaha, mkono wa pili hushika mshale karibu na uso huo na kuuvuta ukiwa umenyooka, na nyuma ya mchomoaji hasimami mtu.

Gunia likitoboka mno, halitupwi. Huvishwa jingine juu yake. Matambara yaliyoshindiliwa na mishale elfu hubana vizuri kuliko mapya, na hayo ndiyo fundi huyahamisha kwanza kila anapoanza shabaha nyingine.