Anayemla Kiwavi

Nyuma ya nyumba yetu hapa Majengo, pembeni ya mtaro, kumeota mmea wenye utomvu mweupe ambao mbuzi wa jirani wanaupita kama hawauoni. Majuzi nilimkuta kiwavi juu yake, mwenye pete nyeusi, nyeupe na za njano, akitafuna jani mchana kweupe wala hajifichi. Huyo ataruka akiwa kipepeo wa rangi ya chungwa, na ndege atakayemdonoa atamtema, maana sumu ya utomvu imeshahamia mwilini mwake. Nilimtazama mpaka chai ikapoa mkononi, nikamkumbuka mnyama niliyemwona mbali kabisa na hapa: Chwaka, Unguja, siku ya bamvua, katika kidimbwi kilichobaki maweni maji yalipokupwa.

Alikuwa koa, yaani konokono asiye na nyumba, hazidi kidole changu cha mwisho. Mgongo wake ulijaa vidole vyembamba kama tambi, kila kimoja kina mstari wa kahawia katikati na ncha nyeupe. Alikuwa amepanda juu ya kitu mfano wa unyoya kilichoota kwenye jiwe. Unyoya ule nao ni mnyama, haidroidi, wa ukoo mmoja na yule anayeelea na kuwachoma waogaji, ambaye naye kwa Kiswahili huitwa kiwavi. Lugha yetu ilishauona undugu wa vitu viwashavyo.

Haidroidi amejaa vijifuko visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila kimoja umekunjwa uzi wenye sumu, na ukiguswa tu unafyatuka upesi kuliko kupepesa jicho. Samaki wengi hawamsogelei. Koa anamla. Kwanza kuna ute, mzito, unaovituliza vijifuko visifyatuke. Kisha mdomo na koo vyenye utando wa kuvikinga. Kisha ulimi wenye safu za meno kama mbuzi ya nazi, unaokwangua kidogo kidogo. Hata hivyo vingi hufyatuka na kupotea. Vile vichanga, ambavyo havijakomaa, humezwa vizima. Vinapita tumboni pasipo kuyeyushwa, vinapanda ndani ya ule mstari wa kahawia, ambao kumbe ni tawi la tumbo lenyewe, hadi kwenye ncha nyeupe. Huko kuna mfuko mdogo wa kuvihifadhi, na humo ndimo vinapokomaa. Samaki akimng'ata koa anaanzia kwenye vile vidole, na kinachomchoma ni silaha ya mnyama mwingine.

Kubeba sumu wanaweza wengi, hata yule kiwavi wa mtaroni. Lakini kuuchukua mtego wa mwenzio, ukaupitisha kooni na tumboni, ukaupandisha mgongoni na bado ukanasa, huo ni ufundi ambao kila nikiufikiria nauona mpya.

Kati ya waliowaandika koa wa pwani yetu kwa makini ni Mwingereza Charles Eliot, kamishna wa Afrika Mashariki kuanzia 1900 hadi 1904. Cyril Crossland aliwakusanya Zanzibar na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, naye Eliot akawachambua, akihesabu meno yao safu kwa safu kwenye hadubini. Ndiye huyohuyo aliyewafungulia walowezi nyanda za juu za Kenya, na hilo silisahau. Ila kurasa zake za koa ni kazi ya mtu aliyetulia akatazama.

Mkubwa wao wote huku kwetu ni Hexabranchus sanguineus. Ni mwekundu, anaweza kufikia sentimita 40, na akishtuliwa hukunjua kingo za mwili wake akaogelea akipepea kama kanga iliyochukuliwa na mkondo. Huyu hana vijifuko vya kuiba. Anakula sifongo wenye sumu, anaibadilisha sumu ile kidogo, kisha anaiweka mgongoni. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba sumu hiyo haikai ngozini peke yake: imo hata ndani ya mayai. Mayai hayo huyataga katika utepe mrefu uliozungushwa ukawa kama waridi jekundu lililobandikwa mwambani, wazi kabisa, na samaki wanalipita.

Ukilisogelea waridi lile na kuchungulia kati ya mikunjo yake, pengine utamkuta koa mwingine, mdogo sana, wa jenasi ya Favorinus. Chakula chake ni mayai ya koa wenzake, na haya yenye sumu hayamshindi. Mwili wake unapenyeza mwanga, kwa hiyo kila anachomeza kinaonekana kikipanda kwenye vidole vya mgongoni, na baada ya mlo vidole hivyo huchukua rangi ya waridi analolila.