Sentimita sita zinazopotea kwenye pedeli

Mwezi Aprili 2009 video ya dakika tano na ushee ilipandishwa YouTube, na katika mwaka ule haikupita siku bila mpenda baiskeli kuitumia kama kipimo cha ubishi. Danny MacAskill, kijana wa Kiskoti aliyekuwa fundi katika duka la Macdonald Cycles mjini Edinburgh, anarukia juu ya uzio wa chuma wenye ncha kama mikuki. Anaanguka. Anarudia, anaanguka tena. Mwishowe magurudumu mawili yanatua juu ya zile ncha, baiskeli inatambaa juu yake, na mwenyewe anashuka upande wa pili kama mtu aliyeruka kijiwe cha mlangoni. Aliyeshika kamera ni Dave Sowerby, waliyekuwa wakiishi nyumba moja. Leo video hiyo imetazamwa zaidi ya mara milioni 30.

Sifa zote zilimwendea mpandaji, na hazikukosea njia. Lakini kichwa cha video kilianza na jina la watengenezaji wa fremu, Inspired Bicycles, kabla ya jina la mwendeshaji. Hapo ndipo mwenye jicho la kifundi anaposimamisha picha na kuuliza: kile chombo kimefanya nini ambacho baiskeli ya kawaida isingekifanya?

Jibu linaanzia Katalunya. Pere Pi, dereva wa pikipiki wa kampuni ya Montesa, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ndogo ili mtoto aige mchezo wa baba: kupita juu ya mawe na magogo bila mguu kugusa ardhi. Mchezo wenyewe unaitwa trayali, na si wa kasi. Anayeshinda ni yule anayepita vikwazo kwa kuruka na kusawazisha, na mguu ukigusa chini ni adhabu. Kutokana na kibaiskeli kile ikazaliwa kampuni ya Monty mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye Ot akaja kuwa bingwa wa dunia. Ndiyo maana mpaka leo daraja moja la mashindano linatumia magurudumu ya inchi 20, ya kitoto kabisa, na jingine inchi 26. Asili yake ni mchezo wa mtoto.

Anayeikaribia fremu ya trayali ya mashindano kwa mara ya kwanza huanza kutafuta kiti. Hakipo, wala pa kukifunga hapapo. Bomba la juu limeinama mpaka karibu na krenki, kwa sababu magoti yanahitaji nafasi na hakuna anayekusudia kukaa. Akisimama juu ya pedeli, jambo la pili linamshtua: anajiona yuko juu mno, kama aliyepanda stuli. Katika baiskeli ya Phoenix ya kubebea mkaa, ekseli ya krenki iko chini ya mstari unaounganisha ekseli za magurudumu mawili. Katika fremu ya trayali iko juu ya mstari huo, pengine kwa milimita 60 na zaidi.

Kwa nini wahangaike hivyo? Tuichore. Tuchukue baiskeli ya milimani ambayo ekseli yake ya krenki iko milimita 430 kutoka ekseli ya nyuma, na milimita 30 chini ya mstari. Iinue mbele kwa nyuzi 40, isimame kwa gurudumu la nyuma. Miguu ya mpandaji itakuwa sentimita 35 mbele ya ekseli ya nyuma. Sasa chukua fremu ya trayali yenye milimita 380, krenki ikiwa milimita 60 juu ya mstari, uiinue nyuzi zilezile. Miguu iko sentimita 25 tu mbele. Hizo sentimita kumi zilizookolewa ndizo zinazomfanya mtu asimame juu ya gurudumu moja akiwa amenyooka, badala ya kuning'inia nyuma kama anayevuta kamba ya ng'ombe mbishi. Na aliyenyooka anaweza kuruka. Anayening'inia hana nguvu ya kurukia.

Bei yake ni kwamba baiskeli haitulii. Kwenye mteremko inamtupa mtu mbele kwa kosa dogo, na kwenye barabara tambarare inachosha kama kutembea na viatu vya visigino. Hakuna anayekwenda sokoni na chombo hiki.

Fremu peke yake, hata hivyo, haimrushi mtu. Kinachomrusha ni teke la pedeli. Mpandaji amesimama kwa gurudumu la nyuma, breki imefunga, krenki imelala. Anaachia breki na papo hapo anakanyaga, baiskeli inafyatuka mbele na juu, anakunja magoti, gurudumu linatua jiwe la pili, breki inafunga tena. Lile teke mara nyingi ni robo tu ya mzunguko. Kwa krenki ya milimita 175, robo ya mzunguko ni safari ya sentimita 27 hivi za mguu. Hizo tu ndizo alizo nazo.

Hapo inaingia friwili. Ndani yake mna kucha za chuma zinazonasa kwenye meno pale mtu anapokanyaga, na zinazoteleza kwa ule mlio wa tik-tik anapoacha. Friwili yenye vituo 18 vya kunasia ina nyuzi 20 kati ya kituo na kituo. Mguu ukianza kukanyaga kabla tu kucha haijafika kituo kinachofuata, pedeli inaenda tupu kwa nyuzi zote hizo kabla cheni haijavuta chochote. Kwa krenki ileile ya milimita 175, huo ni upotevu wa sentimita sita. Katika sentimita 27, zaidi ya moja ya tano imekwenda bure, na mbaya zaidi ni kwamba haitabiriki: teke hili limepoteza sita, lijalo moja, la tatu nne. Mtu hawezi kurukia ukingo wa ukuta kwa mguu asiojua utanasa lini. Anayekwenda sokoni hawezi hata kuligundua tatizo hili. Anayetaka kutua juu ya jiwe lenye upana wa sahani analigundua katika mruko wa kwanza.

Friwili ya White Industries iliyotamba miaka ile katika mchezo huu ilikuwa na vituo 72. Nyuzi tano, yaani milimita 15 za pedeli. Baadaye zikaja zenye vituo 108, na upotevu ukashuka hadi milimita kumi. Aliyezoea ya kawaida akikanyaga hizi huhisi kama pedeli imeunganishwa moja kwa moja na ardhi, na kwa siku kadhaa anaruka kupita mahali alipokusudia, kwa kuwa mguu wake ulishazoea kusubiri. Wengine hupendelea habu ya nyuma yenye vituo vingi, kama Chris King, ambayo nayo ina 72 na mlio wake mkali umefananishwa na nyuki waliokasirishwa. Ikiwa na meno 18 mbele na 15 nyuma, uwiano wa meno unazipunguza nyuzi tano zile zifike kama nne kwenye krenki. Kwa hesabu tupu habu inashinda kidogo. Kwa mfuko, friwili ya mbele ndiyo iliyozoeleka.

Ndiyo, ya mbele. Katika baiskeli nyingi za trayali friwili haikai nyuma, inafungwa kwenye krenki. Gurudumu la inchi 20 linahitaji gia ndogo sana nyuma, meno 12 hivi, na friwili ya kuskrubu haiwezi kuingia ndani ya gia ndogo kiasi hicho. Mbele pana meno 16 au 18, nafasi ipo. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo kwa macho: baiskeli inateremka, miguu imetulia, lakini cheni inaendelea kuzunguka na gurudumu muda wote.

Sasa breki, na hapa ndipo mafundi wa mchezo huu walipoonyesha ukaidi wao. Dunia nzima ya baiskeli za milimani ilihamia diski, wao wakaendelea kuikumbatia Magura HS33 ya Kijerumani, breki ya haidroliki inayosukuma raba mbili moja kwa moja kwenye rimu. Sababu ni ileile ya friwili: muda unaopotea. Diski iko karibu na habu, kwa hiyo kati yake na tairi kuna spoku, na spoku zinajipinda kidogo kabla gurudumu halijashika. Breki ya rimu inakamata pembeni kabisa mwa gurudumu, jirani na tairi lenyewe. Inaposhika imeshika.

Ili ishike zaidi, wapandaji huchukua grinda na kuukwaruza ukuta wa rimu mpya mpaka uwe na mikwaruzo ya kukata raba. Fundi wa Kariakoo akiona angedhani mwenye baiskeli amerukwa na akili. Lakini rimu iliyokwaruzwa hufunga kwa kidole kimoja, na kidole kimoja ndicho kinachobaki kwenye breki, vingine vyote vina kazi ya kuvuta usukani. Na si hilo tu. Wengi humwaga mafuta ya kiwandani yaliyomo ndani ya mrija na kujaza maji, kwa kuwa maji ni mepesi na mkono wa breki unarudi haraka zaidi. Mwenye kuishi penye baridi huongeza dawa ya kuzuia maji yasigande. Mtengenezaji hakuikusudia hivyo.

Nguvu ile ya raba nayo inahitaji kuzuiwa. Raba zinapoibana rimu, rimu nayo inazisukuma nje na kuyatanua mabomba ya nyuma ya fremu. Ukiangalia kwa karibu unayaona yakifunguka kama miguu ya koleo. Kila milimita yanayofunguka ni nguvu ya kidole isiyofika kwenye rimu. Zamani walikuwa wakifunga chuma chenye umbo la kwato juu ya breki kuyazuia. Fremu za kisasa za trayali zina mashikio mazito ya bolti nne, mbili kila upande, na mabomba yenyewe yamenenepeshwa hapo. Mtu akitaka kujua kama fremu mpya imefikiriwa au imepakwa rangi tu, atazame mahali hapo kabla hajauliza uzito.

Matairi hayana siri kubwa: nene, laini, upepo mdogo. Baiskeli za inchi 20 hutumia nyuma rimu ndogo zaidi ya mbele, ya inchi 19, ili tairi liwe na kimo kikubwa cha hewa na lisipigwe rimu wakati wa kutua. Rimu nayo hutobolewa matundu kupunguza uzito.

Uzito wenyewe ndio mtego. Baiskeli nzima ya mashindano huwa chini ya kilo 9, na fremu ya alumini yenye mabomba ya kuta nyembamba inachangia sehemu kubwa ya wepesi huo. Alumini, tofauti na chuma, haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki. Kila pigo, hata dogo, linaandikwa kwenye daftari lake. Fremu inayotua juu ya mawe mara mia kwa siku itapasuka siku moja, na kwa kawaida nyufa huanzia kwenye maungio ya kulehemu, nyuma ya kichwa cha usukani au karibu na krenki. Wapandaji wa mashindano huihesabu fremu kama tairi: inatumika, inaisha.

Rudi sasa kwenye uzio wa Edinburgh. Fremu ya Inspired aliyokuwa nayo MacAskill haikuwa ya mashindano. Ilikuwa ya inchi 24, katikati ya madaraja mawili ya mashindano. Ilikuwa na kiti, kifupi, cha chini, lakini kiti. Krenki yake haikupandishwa juu kama ya fremu za mashindano, kwa sababu mtu wa mtaani huja na kasi, hutua kutoka mapaa, huzunguka hewani, na kasi haipatani na stuli. Katika video hiyohiyo anapanda shina la mti kwa gurudumu na kupinduka kinyumenyume. Kwenye fremu ya mashindano, nyembamba na ya kimo cha juu, jambo hilo lingekuwa la hatari maradufu. Walichobakiza Inspired kutoka kwa trayali ni mambo mawili: friwili isiyopoteza na breki isiyosita. Wakayaweka ndani ya mwili uliokopa utulivu kutoka kwa baiskeli za BMX. Baadaye kampuni ikatoa fremu iliyopewa jina la Skye, kisiwa alikozaliwa MacAskill.

Kwa mwandishi wa safu hii, huo ndio ufundi uliostahili makofi kuliko gramu zilizopunguzwa. Watengenezaji wengi wa wakati ule walishindana kwa mizani. Inspired waliongeza uimara panapopigwa na kutumia akili panapopotea muda, na baiskeli ikawa nzito kuliko ya bingwa wa dunia bila mtu yeyote kulalamika.

Anayetaka kununua ya mkononi, basi, aache mizani nyumbani. Aipindue baiskeli, apitishe kidole penye kulehemu nyuma ya kichwa cha usukani na chini ya krenki akitafuta ufa. Abane breki ya nyuma, aizungushe pedeli kwa mkono mbele na nyuma na apime inacheza kiasi gani kabla cheni haijakaza: zaidi ya sentimita mbili, friwili ni ya kubadilishwa. Kisha abane kwa nguvu na atazame mabomba ya nyuma yanafunguka kiasi gani. Na ikiwa friwili iko mbele, asikaribishe kidole kwenye cheni gurudumu linapozunguka, hata kama pedeli zimesimama tuli.