Mtumwa, Mtume na Mtoro: Kuusoma Waraka kwa Filemoni katika Kiswahili

Neno la Kigiriki doulos limetokea mara mbili tu katika Waraka wa Paulo kwa Filemoni, zote katika aya ya 16. Anayelifasiri kuwa "mtumwa" anaupa waraka kitu ambacho Kigiriki hakina, kwani "mtumwa" na "mtume" huzaliwa na kitenzi kimoja, -tuma, ilhali doulos na apostolos hayana nasaba. Paulo mwenyewe hajiiti mtume popote katika waraka huu wenye aya 25. Anajiita mfungwa. Msomaji wa Kiswahili hukuta mtume aliyeliweka kando jina lake akimtuma mtumwa. Faida hii ni ya kubahatika, na inafidia hasara ya aya ya 11, ambapo mchezo wa maneno juu ya jina Onesimo, lenye maana ya "mwenye kufaa", hupotea kabisa.

"Mtumishi" halifai hapa. Kuwa zaidi ya mtumishi husikika kama kupandishwa cheo kazini, ilhali doulos alikuwa mtu wa kununuliwa na kuuzwa.

Hatari nyingine hutokana na wasomaji wenyewe. Tangu Krisostomo, katika karne ya 4, Onesimo amesomwa kuwa mtoro, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu zake za kukubali. Huko Rabai watoro walipokelewa na wamisionari, mabwana zao wakawadai, na mwaka 1888 mzozo ukatulizwa kwa fedha za fidia. Mbele ya historia hiyo, ahadi ya Paulo ya kulipa deni (aya 18–19) haisomeki kama adabu tupu. Lakini waraka hausemi kwamba Onesimo alitoroka. Aya ya 15 yasema tu kwamba alitengwa na Filemoni. Peter Lampe alipendekeza mwaka 1985 kwamba alimwendea Paulo, rafiki wa bwana wake, ili amwombee. Hoja hiyo inaafiki matini kuliko ya utoro, ingawa nayo haithibitiki.

Kinyume cha mtumwa, kwa mazoea ya pwani, ni mwungwana. Paulo haombi waziwazi Onesimo apewe uungwana, na wahakiki wengi wamemlaumu kwa hilo, si bila haki. Anachoweka mahali pake ni "ndugu", tena katika mwili na katika Bwana, hivyo Filemoni hawezi kuuacha udugu huo mlangoni baada ya ibada. Hapa Kiswahili kinalingana na Kigiriki barabara: kyrios, kama "bwana", ni Mungu na ni mwenye mtumwa pia. Katika waraka mzima jina hilo limetengwa kwa Kristo. Filemoni anaitwa mpendwa, mtenda kazi pamoja, ndugu. Bwana haitwi hata mara moja.